Hela ya Wasiolia

Jumanne asubuhi watu kumi na wanne walifika kwenye kibanda cha Bashiri, mtaa wa Nkuhungu, kudai hela zao kwa sababu hawakulia.

Walikuwa wameangalia filamu. Bashiri aliwawekea kwenye flash Ijumaa iliyotangulia, mia tano kila flash, na kwenye ubao ulio pembeni ya mlango aliandika kwa chaki ya njano: KINYOZI WA KIJIJI CHA JUU. YA KIKOREA, IMETAFSIRIWA. UKIANGALIA USIPOLIA NAKURUDISHIA MARA MBILI. Chini yake akaweka sahihi, kubwa, kama ya waziri.

Aliyekuwa mbele ni Hilda, muuza maandazi wa kona. Flash yake aliifunga kwenye ncha ya kanga kama hirizi.

"Baba Shamimu, nimeiangalia yote. Mpaka yale majina yanayopanda mwishoni. Sikulia."

"Hukulia kabisa?"

"Niangalie macho."

Bashiri akamwangalia. Yalikuwa macho ya kawaida.

"Leo Jumanne," akasema. "Hata kama ulilia Jumamosi, wekundu umeshaondoka."

"Kwa hiyo mimi muongo?"

"Sijasema muongo. Nasema macho hayatoi risiti."

"Basi nipe elfu yangu. Na ya Obedi, maana mume wangu tuliangalia naye. Na watoto watatu. Na mama mkwe alikuwepo, ingawa alisinzia."

"Hata aliyesinzia anadai?"

"Ubao unasema usipolia. Mtu aliyesinzia analia?"

Waliokuwa nyuma yake wakasema hapo amesema kweli. Mmoja akasema hata mbuzi wake alikuwepo dirishani. Wakacheka, lakini hakuna aliyeondoka kwenye mstari.

Bashiri akafunga kibanda saa nne asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku aliyougua malaria.

Kibanda chenyewe kilikuwa na upana wa mlango mmoja na nusu. Ndani kompyuta moja, spika mbili, na waya za chaji zilizoning'inia ukutani kwa sababu kitambulisho chake cha mjasiriamali kilisema anauza vifaa vya simu. Zile waya zilikuwa na vumbi la miaka miwili. Watu walikuja kwa ajili ya filamu, na zaidi ya filamu walikuja kwa ajili ya mdomo wa Bashiri. Respicius wa ng'ambo ya barabara alikuwa na filamu zilezile, lakini yeye kila kitu kilikuwa KALI YA MWAKA. Kufikia Juni alishatangaza kali za mwaka kumi na moja. Kwa Bashiri mtu haombi filamu. Anaeleza hali yake, kama aliyekwenda duka la dawa.

"Kaka Bashiri, leo nimegombana na bosi."

"Chukua hii. Bosi anakufa mapema."

"Nina wageni, wazee wa kijijini Busi."

"Chukua hii. Hakuna kubusiana."

Hakukosea. Na katika miaka minane ya biashara ile, Bashiri hakuwahi kuangalia filamu hata moja mpaka mwisho. Yakianza tu yale majina ya mwanzo, usingizi unambeba.

Aliyeangalia ni mke wake, Tabu. Kaka yake Tabu alikuwa anamletea karanga kutoka Busi, naye anabangua, anakaanga, anafunga kwenye vifuko vya mia mbili. Kila Alhamisi mchana alikaa na ungo mapajani mbele ya kompyuta ndogo ya zamani, debe la karanga pembeni, filamu mpya za wiki zikipita moja baada ya nyingine. Bashiri akirudi kula alitazama debe kabla ya kitu kingine. Filamu moja ikipita na karanga nyingi zimebanguliwa, ujue ni mbovu, mikono haikuona sababu ya kusimama. Zikibanguliwa kidogo, filamu ni nzuri. Halafu aliuliza maswali mawili tu: "Nani anakufa? Wanabusiana?" Basi. Ijumaa anachukua chaki.

Alhamisi ile alikuta ungo mtupu. Hakuna hata karanga moja iliyobanguliwa. Tabu amekaa, macho mekundu, filamu imeshaisha na kioo kimeshazima.

"Nani anakufa?"

"Kinyozi."

"Wanabusiana?"

"Hapana."

Bashiri hakuuliza la tatu. Alikuwa anawaza mabango ya rangi ya Respicius, na televisheni ya flati ya inchi hamsini aliyoiweka mlangoni mwezi huo kuita wateja. Kwa mara ya kwanza ameletewa filamu ambayo debe zima halikuguswa. Akatoka na chaki.

*

Jioni ya Jumanne Shamimu, binti wa Bashiri, alipiga hesabu kwenye daftari. Alikuwa na miaka kumi na nane, amefaulu kwenda Kidato cha Tano, shule ya bweni upande wa Iringa ukishapita Mtera, na barua ya shule ilitaka godoro la inchi sita, ndoo mbili zenye mfuniko, jembe na mpini wake, na vitu vingine nusu ukurasa. Hela yake ilikuwa kwenye simu ya mama yake: laki moja na elfu ishirini, muvi na karanga tangu Ramadhani. Wiki mbili zilibaki aripoti.

"Umeuza flash sitini, baba. Elfu thelathini."

"Eh."

"Waliojiandikisha kwa Hilda kwamba hawakulia ni watu themanini na saba."

"Flash sitini, watu themanini na saba?"

"Flash moja inaangaliwa na nyumba nzima. Na wengine hawajaja. Kwa hiyo unadaiwa elfu themanini na saba."

Bashiri akachungulia daftari. Kisha akasema, "Wamelia. Wanakana tu."

"Mzee Matonya hakulia," Shamimu akasema. "Huyo namwamini."

Hata Bashiri alimwamini. Mzee Matonya aliishi nyumba ya tatu, Mgogo wa Bahi, mjane, na inajulikana kwamba hakulia hata mwaka ng'ombe wake kumi na wanane walipokufa kwa ukame. Mtu mmoja aliapa kuwa aliona kitu shavuni kwake siku ile. Mzee akasema ni jasho.

"Tena watu wamempelekea flash zao," Shamimu akaendelea. "Nne. Aangalie kwa niaba yao, ili wawe na uhakika wa kutolia. Anawatoza mia mbili mia mbili."

"Mtu anaajiriwa kutolia!"

"Ndiyo kazi pekee mtaani wiki hii."

Tabu alikuwa mlangoni, anapepeta. Bashiri akamgeukia.

"Wewe si ulilia?"

"Nililia."

"Umeona? Mtu mzima, na akili zake, alilia. Hiyo filamu inaliza. Kesho nakwenda kwa mwenyekiti."

"Wape hela yao, Baba Shamimu," Tabu akasema bila kuinua kichwa.

"Nitoe hela ya godoro la mtoto niwape watu wenye roho ngumu?"

"Wape. Usiliendeleze hili jambo."

Hilo nalo Bashiri hakuliuliza sababu.

*

Mwenyekiti wa mtaa, Sostenes, aliwahi kuwa karani wa mahakama na hakupona. Alisikiliza pande zote mbili Jumatano, akaandika kurasa mbili, akavua miwani.

"Shauri hili," alisema, "ni la ushahidi wa majimaji. Na majimaji yameshakauka. Ofisi haiwezi kuamua juu ya chozi ambalo haikuliona. Kwa hiyo filamu itaonyeshwa upya, hapa ukumbini, kesho Alhamisi saa tisa alasiri, wadai wote wakiwepo. Atakayelia, dai lake limekufa. Asiyelia, atalipwa."

"Na sisi tuliompa Mzee Matonya?" akauliza kijana wa bodaboda, Mudrick.

"Jicho ni la mtu mwenyewe. Halikabidhiwi."

"Na mia mbili yangu?"

"Hiyo kamdai Matonya."

Mzee Matonya, aliyekuwa anamumunya ubuyu kwenye benchi la nyuma, akatema mbegu kiganjani. "Kazi nimefanya," akasema. "Flash zote nne. Filamu hiyohiyo mara nne. Hela hairudi."

Masharti yakaandikwa. Hakuna kuja na kitunguu. Hakuna leso. Hakuna kufumba macho zaidi ya kawaida. Wakabishana nusu saa juu ya chozi la miayo, mwenyekiti akaamua kwamba chozi la miayo ni la mwili wala si la moyo, halihesabiwi, ila miayo yenyewe ionekane. Wakaguzi wa macho wakateuliwa wawili: Erica, anayeuza duka la dawa, na Ludovick fundi viatu, kwa sababu anavaa miwani.

Ikabaki televisheni. Respicius akainua mkono kabla hajaulizwa. Atatoa flati yake, inchi hamsini, bure. "Ujirani tu," akasema, meno yote nje. "Ila umeme wa kuiwasha, elfu tatu."

"Nani analipa?" akauliza Bashiri.

"Mdaiwa," akasema mwenyekiti. "Na turubai la kuziba madirisha. Na soda za wakaguzi."

*

Alhamisi upepo wa Julai ulikuwa unaburuta vumbi la Nkuhungu nyumba hadi nyumba. Watu themanini na saba waliketi kwenye mabenchi, wengine sakafuni. Mama mkwe wa Hilda alibebwa na kiti chake. Erica na Ludovick walisimama pembeni na simu zimewashwa tochi. Shamimu alikaa kwenye kompyuta. Tabu alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, kanga imeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Mbukwenyi," mwenyekiti akasalimu kwa Kigogo. Wakaitikia. "Leteni uso mbele. Anza."

Ilikuwa mara ya kwanza Bashiri kuangalia filamu kwa macho yake yote, na kwa kweli hakuwa anaangalia filamu, alikuwa anaangalia watu. Alisimama pembeni ya flati kama mwalimu anayesimamia mtihani, akipitisha macho benchi kwa benchi. Hakuna kitu. Kinyozi akakohoa damu kwenye taulo la mteja, watu wakavu. Bintiye akaondoka na basi kwenye theluji, wakavu. Obedi, mume wa Hilda, alikuwa anajifinya paja. Mudrick alitafuna njiti ya kiberiti mpaka ikaisha.

Kikafika kile kifo. Mtafsiri wa filamu zile ni mtu mmoja mwenye sauti nzito, na anasema maneno ya watu wote, wanaume, wanawake na watoto. "Mwanangu, mkasi wangu ni wako," akasema kwa niaba ya kinyozi. Kisha kwa sauti ileile akajijibu, "Baba, usife." Kisha, kwa faida ya watazamaji, akaongeza, "Hapo anakufa."

Bashiri akakunja ngumi. *Sasa*, aliwaza. *Sasa lieni, jamani.*

"Huyu hapa!" akapiga kelele, akimwonyesha Mudrick. "Jicho la kushoto!"

Erica akafika na tochi. "Kuna maji."

"Ni vumbi!" Mudrick akasimama. "Turubai limeachia, upepo wote unakuja kwangu!"

"Vumbi la jicho moja?"

"Ndiyo lililo upande wa dirisha!"

Ludovick akakagua dirisha, akakagua jicho, akasema vumbi limethibitika. Filamu ikaendelea mpaka majina yakapanda. Waliokutwa na machozi ni wanawake watatu, na mmoja wao alifiwa wiki iliyopita.

"Themanini na wanne wakavu," akasema Sostenes. "Mdaiwa, una la kusema kabla sijaandika?"

Bashiri alikuwa anapiga hesabu. Elfu themanini na nne. Alimtazama Shamimu, na Shamimu alikuwa anatazama kibodi.

"Kwani wewe mwenyewe," mwenyekiti akauliza, kalamu hewani, "ulipoiangalia, ulilia?"

"Sikuiangalia."

"Hukuiangalia lini?"

"Siku zote. Siziangaliagi."

Ukumbi ulilipuka. Miaka minane! Hilda alisimama na mikono kichwani. Kwa hiyo ile ya bosi kufa mapema? Na ile ya wageni? Respicius alicheka mpaka akaegemea flati yake. "Kumbe sote tunasoma majina tu!" akasema, na kicheko kikamkatikia, kwa sababu watu walimgeukia na yeye.

"Anaangalia mke wangu!" Bashiri akasema kwa nguvu. "Mama Shamimu ndiye anaangalia, na hajawahi kukosea, na hii aliilia! Nilimkuta na macho mekundu, karanga haikubanguliwa hata moja! Mwiteni!"

Vichwa vyote vikageuka mlangoni. Tabu akavuta kanga kama mtu aliyekutwa na mvua.

"Shemeji, sogea," akasema Sostenes. "Ni kweli ulilia?"

"Ni kweli."

"Alipokufa kinyozi?"

"Hapana."

"Mtoto alipoondoka na basi?"

"Hapana. Mwanzoni."

"Mwanzoni kuna nini? Mwanzoni hajaugua hata mtu."

Tabu akamtazama binti yake. "Rudisha pale anaporudi kazini. Kabla ya harusi ya jirani."

Shamimu akarudisha. Kinyozi anaingia nyumbani. Anavua viatu, ananawa mikono kwenye beseni. Mkewe yuko jikoni, kaupa mlango mgongo, anapakua. Kinyozi bado hajakaa. "Umeshakula?" akasema mtafsiri kwa sauti yake nzito. "Bado," akajijibu. Kinyozi anachukua kiazi kutoka kwenye sahani yake, anakivunja, anampa nusu. Kisha harusi ya jirani inaanza.

Watu wakasubiri.

"Ehe?" akasema Obedi. "Halafu?"

"Basi," akasema Tabu. "Hapo."

"Hapo ndipo ulilia? Kwenye kiazi?"

"Siyo kiazi. Pale alipouliza."

"Sasa kuuliza nako kuna nini cha kulia, Mama Shamimu?"

"Sijawahi kuulizwa," akasema Tabu.

Hakuisema kwa uchungu. Aliisema kama mtu anayetaja mtaa anaokaa. Ludovick, ambaye tochi yake ilikuwa bado inawaka, aliielekeza chini.

"Miaka mingapi?" mwenyekiti akauliza, kwa mazoea ya mahakama.

"Kumi na tisa, Desemba."

Bashiri alihisi watu themanini na saba wakimtazama. "Mimi naleta chakula!" akasema. "Unga naleta, mafuta naleta. Nitamuuliza nini mtu amekula wakati mchele nimeubeba mwenyewe kutoka sokoni?"

Mtu mmoja akacheka. Wengine hawakucheka.

"Sikusema hukuleta," akasema Tabu.

Hilda alikuwa amekaa tena. "Shamimu mwanangu," akasema taratibu, "hebu rudisha hapo."

Shamimu akarudisha. *Umeshakula? Bado.* Kiazi kikavunjika.

"Tena."

Mara ya tatu hakuna aliyetafuna wala kukohoa. Mara ya nne mwanamke wa benchi la pili akafunika mdomo kwa kiganja. Mara ya tano Erica alipita na tochi, akasita, akarudi nyuma, na mkaguzi mwenyewe akajifuta jicho kwa kiwiko. Wanaume walikuwa wanakagua mabati. Mtu angedhani bati limetoboka.

"Mimi huwa nauliza," Obedi akanong'ona.

"Unauliza kama kuna kilichobaki," akasema Hilda, na sauti yake ikavunjika hapohapo, mbele ya tochi mbili, na elfu yake ikaenda.

Mke wa mwenyekiti alikuwa benchi la tatu. Sostenes hakuinua macho kwenye karatasi zake. Aliandika kitu, akakikata, akaandika tena kilekile.

"Mara ya mwisho," akasema, "halafu tunahesabu."

Wakahesabu. Wanawake arobaini na wanne walikuwa wamelia, pamoja na wale watatu wa kwanza. Wa arobaini na tano alikuwa Mudrick, ambaye safari hii hakutaja vumbi. Mama yake alikuwa anauza uji stendi, na Mudrick alisema tu, "Nihesabuni na mimi, tusipotezeane muda." Wakavu walibaki arobaini na wawili, karibu wote wanaume, pamoja na watoto, na mama mkwe wa Hilda, ambaye alikuwa amesinzia tena.

Ludovick alipofika kwa Mzee Matonya aliinama, akamulika jicho moja, akamulika la pili.

"Mkavu," akasema.

"Niliwaambia," akasema mzee. Ubuyu ulikuwa umekaa shavuni bila kumumunywa. "Marehemu mke wangu, Mama Yohana, alikuwa anakula jikoni. Miaka thelathini na moja. Alikuwa anatuletea chakula, halafu anarudi jikoni kula." Akafikiri. "Sijui alikuwa anakula nini."

Ludovick akazima tochi.

"Nipeni elfu yangu," akasema mzee.

*

Bashiri alilipa palepale. Tabu alitoa hela kwenye simu kwa wakala wa jirani, akarudi na noti zimekunjwa, akampa mumewe, naye akagawa mmoja mmoja huku mwenyekiti akiweka alama. Wanaume walipokea bila kumtazama. Obedi alipokea yake na za watoto, akamwona Hilda anavyomwangalia, akataka kurudisha moja, Hilda akasema, "Chukua. Ununue chakula, uniulize."

Respicius akang'oa flati yake na kuibeba kichwani kuvuka barabara. Hakusema neno. Mke wake alikuwa anatembea nyuma yake, naye hakusema neno, na hilo la pili ndilo lililomtisha.

Mtaa uliharibika wiki nzima. Wanaume walilalamika kijiweni kwamba sasa mtu hawezi kurudi nyumbani akala kwa amani. "Juzi nimeuliza," alisema fundi mmoja, "akasema bado. Sasa ukiambiwa bado unafanyaje? Nimesubiri naye. Ugali umepoa." Wakakubaliana kwamba aliyeleta balaa ni Bashiri, na kwamba muvi zake zina mkosi. Wakahamia kwa Respicius, wao na flash zao. Wanawake walibaki kwa Bashiri, ila hawakumuuliza yeye tena. Walimpita mlangoni wakaenda nyumbani kwake moja kwa moja, Alhamisi mchana, kumuuliza Tabu ya wiki hii ikoje.

Lakini kabla ya hayo kulikuwa na jioni ileile ya Alhamisi.

Bashiri alichelewa kurudi kwa makusudi. Alizunguka mpaka kwenye duka la magodoro, akauliza bei za inchi sita, akauliza za inchi nne, akarudi. Alikuta chakula mezani, kimefunikwa kwa sahani. Tabu amekaa kwenye mkeka na Shamimu, wanapanga nguo kwenye begi. Alinawa mikono. Alikaa, akakumbuka, akasimama tena. Shamimu aliacha kukunja nguo.

"Hivi," akasema Bashiri. Akalitupia debe jicho. "Hivi zile karanga, zimebaki kiasi gani?"

"Debe lilelile. Halijaguswa."

"Ah."

Alisimama vile, mikono inadondosha maji, mtu wa miaka arobaini na sita aliyezoea kumwambia kila mtu nini kizuri. Kisha akasema, haraka, akitazama ukuta:

"Umeshakula?"

Tabu akamwangalia. Alitaka kucheka, na alitaka kitu kingine pia.

"Nimeshakula, Baba Shamimu. Tumekula kwa Hilda, wanawake wote."

"Ah. Vizuri."

Akakaa akala peke yake.

*

Shamimu aliandika hesabu ya mwisho kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari, kabla hajalifungia kwenye begi.

Waliorudishiwa, watu arobaini na wawili: elfu arobaini na mbili. Turubai: elfu sita. Umeme wa Respicius: elfu tatu. Soda mbili za wakaguzi: elfu moja mia nne. Jumla, elfu hamsini na mbili na mia nne.

Godoro lilikuwa la inchi nne. Ndoo ilikuwa moja. Jembe alipewa la nyumbani, bila mpini, na mpini atautafuta hukohuko.

Wateja wanaume thelathini na kitu, ambao hawajarudi mpaka leo.

Na debe moja la karanga, ambalo Bashiri alilibangua mwenyewe mbele ya filamu tatu, Ijumaa na Jumamosi, akisinzia na kuamka, bila kuambiwa na mtu: kucha mbili za mkono wa kulia, zimevunjika.